Mbwa wa Nyumbani: Jinsi ya Kumchagua na Kumtunza

Mbwa amefugwa na binadamu kwa zaidi ya miaka 10,000. Katika Mkoa wa Singida utamwona akifuatana na wachungaji wa ng'ombe na mbuzi, au akilinda boma usiku. Mijini, watu wengine hufuga mbwa wadogo kwa ajili ya urafiki tu. Katika somo hili utajifunza jinsi ya kumchagua mbwa afaaye mahali unapoishi. Utajifunza pia jinsi ya kumtunza ili yeye na jamaa yako muwe salama.

1. Mbwa hupozaje mwili wake?

Ukicheza mpira juani, ngozi yako hutoa jasho. Jasho hilo likigeuka mvuke, mwili wako hupoa. Mbwa hutoa jasho kidogo tu, kwenye nyayo zake. Je, yeye hupoaje?

Jaribio: Lowesha mkono wako mmoja kwa maji, na uache wa pili ukiwa mkavu. Puliza pumzi juu ya mikono yote miwili. Ni mkono upi unaohisi baridi zaidi?

Bila shaka ni ule uliolowa. Maji yanapogeuka mvuke huchukua joto kutoka katika ngozi. Mbwa hutumia njia hiyo hiyo, lakini ndani ya pua na kinywa. Hutoa ulimi nje na kuhema upesi upesi. Kuhema huko huitwa kutweta. Hewa hupita juu ya ulimi na juu ya ngozi laini ya ndani ya pua, yenye majimaji, na damu iliyo hapo hupoa.

Joto la mwili wa mbwa mwenye afya ni kiasi cha nyuzi 38 hadi 39 za Selsiasi. Likizidi nyuzi 41, maisha yake yamo hatarini.

2. Uso mrefu na uso bapa

Mtazame mbwa wa kienyeji. Uso wake ni mrefu. Ndani ya pua yake mna mifupa myembamba iliyojikunja kama karatasi iliyosokotwa, nayo imefunikwa na ngozi yenye majimaji. Kwa hiyo ana nafasi kubwa ya kupozea mwili.

Sasa fikiri juu ya mbwa aitwaye Pug. Huyu ni mbwa mdogo mwenye uso bapa, ambaye asili yake ni China. Uzito wake ni kiasi cha kilo 6 hadi 8. Kwa vizazi vingi watu waliwachagua mbwa wenye uso mfupi na kuwazalisha. Mifupa ya uso ikawa mifupi, lakini nyama laini za ndani hazikupungua kwa kiasi hicho hicho. Ni kama kutia nguo za sanduku kubwa ndani ya mkoba mdogo. Njia ya hewa husongwa, na mbwa hukoroma hata akiwa macho. Watu wengine hucheka wasikiapo mkoromo huo. Mara nyingi ni dalili kwamba mnyama anapumua kwa shida.

Kabla ya mvua kuanza, jua la Singida huwa kali. Mbwa wa uso bapa akikimbizwa mchana wakati huo aweza kuzidiwa na joto na kufa. Tena macho yake yametokeza nje, hivyo huchomwa na miiba kwa urahisi. Mikunjo ya uso wake nayo hushika uchafu. Yapasa ifutwe kwa kitambaa safi chenye unyevu, kisha ikaushwe.

Kwa kazi ya kuchunga na kulinda boma, mbwa wa kienyeji anafaa zaidi. Mbwa wa uso bapa afugwe tu na mtu awezaye kumweka kivulini, kumtembeza asubuhi na jioni, na kumfikisha kwa daktari wa mifugo bila kuchelewa.

3. Kumchagua kilebu

Mtoto wa mbwa huitwa kilebu. Asiondolewe kwa mama yake kabla ya kutimiza wiki 8. Mchague kilebu ambaye:
(a) ana macho maangavu yasiyotoka usaha;
(b) anapumua kimya kimya, na matundu ya pua yake yako wazi;
(c) anacheza na wenzake, wala hajitengi;
(d) hana tumbo lililovimba, ambalo laweza kuwa dalili ya minyoo.

4. Kumtunza kila siku

Mpe mbwa maji safi wakati wote. Mpe ugali wa mtama au wa mahindi pamoja na dagaa au nyama iliyopikwa. Usimpe mifupa ya kuku iliyopikwa, kwa sababu huvunjika vipande vikali. Usimpe maini wala mapafu mabichi ya mbuzi au kondoo. Baadhi yake yana mayungiyungi ya minyoo ambayo hukua ndani ya tumbo la mbwa, na mayai ya minyoo hiyo huweza kumwambukiza mtu. Nawa mikono kwa sabuni kila umgusapo mbwa. Mwondoe kupe na viroboto.

Ukimkuta mbwa anatweta sana na kuyumba kwa sababu ya joto, mpeleke kivulini. Mmwagie maji mwilini, mpepee, na umpe maji ya kunywa kidogo kidogo. Kisha mwite mtaalamu wa mifugo.

5. Kichaa cha mbwa

Ugonjwa huu huletwa na virusi vilivyomo katika mate ya mnyama mgonjwa. Mbwa mgonjwa hubadilika tabia. Huweza kuuma bila kuchokozwa, kutokwa na mate mengi, kushindwa kumeza, au kupooza. Mtu akishaonyesha dalili za ugonjwa huu, karibu kila mara hufa. Lakini waweza kuzuiwa.

Mwaka 1885 mtoto wa miaka 9 aliyeitwa Joseph Meister aliumwa na mbwa. Mwanasayansi Louis Pasteur alimtibu kwa chanjo mpya, naye akapona. Leo mbwa huchanjwa akiwa na umri wa miezi 3, na hurudiwa kila mwaka. Mbwa wa uso bapa na mbwa wa kienyeji wote yawapasa kuchanjwa.

Ukiumwa na mbwa, hata kama jeraha ni dogo:
(a) osha jeraha mara moja kwa sabuni na maji mengi yanayotiririka, kwa dakika 15;
(b) mwambie mzazi au mwalimu, wala usifiche kwa kuogopa kugombezwa;
(c) nenda hospitali siku hiyo hiyo upate sindano za chanjo, na umalize zote.

Maswali

1. Kwa nini mbwa hutweta baada ya kukimbia?
2. Eleza kwa nini mbwa wa uso bapa hupata taabu wakati wa joto.
3. Taja mambo matatu utakayoyaangalia unapomchagua kilebu.
4. Rafiki yako ameumwa na mbwa njiani, naye anataka kuficha. Utamwambia nini, na kwa nini?
5. Hesabuni mbwa wa nyumbani kwenu na kwa jirani zenu. Waulizeni wenyewe ni wangapi waliochanjwa mwaka huu, kisha mwelezeni mwalimu.