BENDERA NA NENO KATIKA STEMPU ZA AFRIKA YA MASHARIKI

Tarehe 9 Desemba 1961, siku ileile Tanganyika ilipoanza kujitawala, posta ilitoa mfululizo mpya wa stempu kumi na mbili. Miongoni mwake ilikuwamo stempu ya senti 30 yenye picha ya bendera mpya ya taifa: kijani juu na chini, na katikati ukanda mweusi uliopakana na mistari miwili ya manjano. Katika mfululizo huo lilichapwa pia neno moja la Kiswahili pamoja na mwaka wake: Uhuru 1961.

Stempu kwa kawaida huachiwa wakusanyaji, ambao huzipima kwa uchache wake na kwa usafi wa meno yake. Lakini kwa mwanafunzi wa lugha stempu ni maandishi ya serikali yaliyo mafupi kuliko yote. Ina tarehe inayojulikana, ina idhini ya dola, na hupita mikononi mwa watu ambao hawatasoma kamwe sheria wala gazeti rasmi. Kwa hiyo yafaa kuulizwa: bendera iliyo katika stempu husema nini, na neno lililochapwa pamoja nayo huongeza nini? Historia ya stempu za nchi hizi yaonyesha kwamba picha ya bendera, ikiwa peke yake, haisemi ni nani mwenye nchi. Neno ndilo lililoifasiri.

I. Bendera bila neno

Neno bendera lenyewe limetoka katika Kireno, bandeira, nalo liliingia Kiswahili kwa njia ya bahari pamoja na mambo mengine ya vyombo na ngome. Ndiyo maana vitenzi vyake vya zamani ni vya mabaharia. Watu wa pwani walisema kutweka bendera kama walivyosema kutweka tanga, na kuitua kama tanga lituliwavyo. Siku hizi msemo wa kawaida ni kupandisha bendera na kuishusha, na tweka imebakia zaidi katika vinywa vya wavuvi na manahodha. Bendera iliposhuka chomboni na kusimama penye mlingoti wa ofisi, ilipata na kitenzi cha nchi kavu.

Bendera ya kwanza kuonekana katika stempu za pwani hii haikuwa ya Tanganyika. Unguja ilifungua posta yake mwaka 1895 kwa kutumia stempu za Bara Hindi zilizopigwa chapa ya jina Zanzibar juu yake. Mwaka 1896 zikatolewa stempu zenye sura ya Sultani Hamed bin Thuwaini, na kando ya sura hiyo zilichorwa bendera za Sultani kwa wino mwekundu. Thamani iliandikwa kwa ana na rupia. Mtu asiyejua historia akiziona stempu hizo atadhani kwamba nchi ilikuwa inajitawala kwa ukamilifu. Kumbe Unguja ilikuwa chini ya himaya ya Waingereza tangu 1890, na mwaka uleule wa 1896, baada ya Sultani huyo kufariki tarehe 25 Agosti, manowari za Kiingereza ziliipiga mizinga nyumba ya kifalme ili kiti kisikaliwe na mtu wasiyemtaka. Bendera nyekundu ilikuwamo katika stempu, lakini amri ya nchi ilikuwa kwingine.

Upande wa bara jambo lilikuwa wazi zaidi. Wajerumani walianza mwaka 1893 kwa kupiga chapa ya pesa juu ya stempu zao za nyumbani. Pesa ni neno lenye asili ya Bara Hindi, ambalo watu wa pwani walikwisha kulizoea katika biashara. Basi neno la wenyeji likaingia katika stempu, lakini kwa kazi ya kuhesabu tu. Kuanzia 1901 stempu za koloni hilo zilionyesha merikebu ya Kaisari iitwayo Hohenzollern. Merikebu hiyohiyo ilichapwa katika stempu za makoloni mengine ya Wajerumani, kwa hiyo haikuwa na habari yoyote ya nchi hii isipokuwa kwamba ilikuwa na mwenyewe, naye yuko ng'ambo.

Waingereza walipoishika Tanganyika kwa udhamini, stempu za mwaka 1922 zilichorwa kichwa cha twiga. Baadaye posta za Kenya, Uganda na Tanganyika ziliunganishwa, na tangu 1935 stempu zikawa za namna moja kwa nchi tatu, zenye sura ya mfalme na picha za milima, maziwa na wanyama. Maneno ya kienyeji yaliyokuwamo yalikuwa majina ya mahali. Kiswahili kilikuwa kikizungumzwa katika foleni ya kununua stempu na kuandikwa ndani ya barua. Nje ya bahasha, katika kile kipande kinacholipia safari yake, hakikupewa nafasi ya kusema jambo.

II. Uhuru

Ndiyo sababu neno lililochapwa mwaka 1961 lina uzito kuliko ukubwa wa herufi zake. Uhuru limejengwa kwa kiambishi u- juu ya shina huru, ambalo asili yake ni Kiarabu, hurr. Lakini asili ya neno ni jambo moja na maisha yake ni jambo jingine. Katika Kiswahili cha karne ya kumi na tisa uhuru halikuwa neno la mataifa. Lilikuwa neno la mtu mmoja. Mtumwa aliandikiwa huru na bwana wake. Alipewa hati ya uhuru. Na baada ya hapo aliitwa huru, au mahuru wakiwa wengi.

Hapa yafaa kulitofautisha na neno uungwana. Mwungwana alikuwa mtu aliyezaliwa hana bwana, mwenye ukoo na adabu za mji. Hakuna aliyempa uungwana wake, wala hakuwa na haja ya hati. Huru, kwa matumizi ya siku zile, aliweza kubeba ndani ya jina lake kumbukumbu ya kufungwa. Watu wawili wangeweza kuwa sawa mbele ya kadhi kwa kuwa wote hawana bwana, na bado barazani mmoja akaitwa mwungwana na wa pili asiitwe.

Utumwa kama hali inayotambuliwa na sheria uliondolewa Unguja mwaka 1897, Kenya mwaka 1907, na Tanganyika mwaka 1922, yaani mwaka uleule wa stempu za twiga. Kwa hiyo mwaka 1961 walikuwapo wazee ambao waliweza kukumbuka neno uhuru likitumika kwa maana yake ya zamani, pengine katika nyumba walizozaliwa. Vyama vya siasa vilipohitaji neno la kutaja kujitawala kwa nchi nzima, havikuchukua uungwana, ambao ulikuwa heshima ya wachache. Vilichukua uhuru, hali ya mtu aliyekuwa amefungwa akafunguliwa. Uchaguzi huo ulikuwa na hoja ndani yake: kwamba nchi yote ilikuwa katika hali ya mtumwa, na kwamba sasa hakuna atakayebaki nyuma kwa sababu ya ukoo wake.

Neno hilo liliwekwa pia katika ngao ya taifa, Uhuru na Umoja. Usiku wa kuamkia tarehe 9 Desemba 1961 Alexander Nyirenda, ofisa wa jeshi, alifikisha bendera na mwenge kileleni mwa Kilimanjaro, na kilele kilichokuwa kimepewa na Wajerumani jina la Kaisari wao kikaitwa Uhuru. Mwaka mmoja baadaye, Tanganyika ilipokuwa Jamhuri, tendo hilo la kusimamisha bendera mlimani lilichorwa katika stempu ya senti 50. Barua zilizobandikwa stempu hizo zilikwenda London, Bombay na New York bila tafsiri, na mpokeaji aliyetaka kujua maana alilazimika kuuliza.

III. Jamhuri juu ya Uhuru

Mfano ulio dhahiri kuliko yote watoka Unguja. Tarehe 10 Desemba 1963 Unguja ilipata kujitawala chini ya Sultani Jamshid bin Abdulla. Bendera yake ilibaki nyekundu, lakini katikati iliwekwa duara la kijani lenye karafuu mbili za manjano. Stempu nne zilitolewa siku hiyo, za senti 30, senti 50, shilingi 1 na senti 30, na shilingi 2 na senti 50, zenye maneno Uhuru 1963.

Tarehe 12 Januari 1964 Mapinduzi yaliiondoa serikali hiyo. Posta ilikuwa na akiba kubwa ya stempu zenye sura ya mtu ambaye hakuwa mtawala tena, na barua hazingeweza kungoja stempu mpya zichapwe. Kwa hiyo tangu tarehe 17 Januari stempu zilizokuwapo zilipigwa muhuri kwa mkono: Jamhuri 1964. Baadaye chapa hiyo ilipigwa kwa mtambo kwa unadhifu zaidi.

Katika kipande kimoja cha karatasi, basi, msomaji aliyekuwa Unguja mwezi huo aliona maneno mawili, moja juu ya jingine: Uhuru 1963 chini, Jamhuri 1964 juu. Hayakutengana hata majuma sita. Mtu angeweza kudhani kwamba neno la pili limefuta la kwanza, lakini sivyo. Jamhuri latokana na Kiarabu jumhur, maana yake umma wa watu, watu walio wengi. Kiswahili hakikuchukua mwisho wa neno la Kiarabu jumhuriyya, ambalo ndilo jina la dola ya namna hiyo. Kwa hiyo jamhuri, kwa sauti yake, iko karibu zaidi na watu wenyewe kuliko utaratibu wa kuwatawala. Uhuru ulikwisha kutajwa. Swali lililobaki ni uhuru huo ni wa nani. Muhuri ulitoa jibu la serikali mpya kwa neno moja, na halikuwa jibu jepesi, kwani katika siku zilezile watu wengi walipoteza maisha yao, mali yao na makao yao. Mwenye kuisoma stempu hiyo kwa haki hana budi kukumbuka yote mawili, neno na gharama yake.

Kenya ilikuwa imepata kujitawala tarehe 12 Desemba 1963, siku mbili tu baada ya Unguja, nayo ilitoa stempu ya senti 50 yenye bendera yake ya nyeusi, nyekundu na kijani, pamoja na ngao na mikuki. Ilipofika 12 Desemba 1964 ikawa jamhuri. Yafaa kuonwa jinsi nchi mbili zenye msamiati mmoja zilivyougawa: Tanzania Bara huadhimisha 9 Desemba kwa jina la Uhuru, na Kenya huadhimisha 12 Desemba kwa jina la Jamhuri.

IV. Bendera moja, majina matatu

Tanganyika na Zanzibar ziliungana tarehe 26 Aprili 1964, na jina Tanzania likatangazwa mwezi wa Oktoba mwaka huo. Bendera ya Muungano ilichukua kijani, nyeusi na manjano ya Tanganyika, na buluu ya bendera iliyotumika Unguja baada ya Mapinduzi. Kuieleza kwa Kiswahili kulihitaji neno mshazari, kwa kuwa ukanda mweusi hauendi tena kwa ulalo, bali wakwea kutoka pembe ya chini penye mlingoti hadi pembe ya juu ya upande wa pili. Neno hilo lilikuwa tayari katika lugha. Bendera ililipa kazi ya kitaifa.

Tarehe 9 Desemba 1965 bendera hiyo ilitokea katika stempu ya senti 10. Lakini stempu hiyo haikuwa na jina la Tanzania peke yake. Posta ilikuwa bado ya shirika, na stempu za kila nchi zilikubaliwa katika nchi zote tatu. Kwa hiyo yaliandikwa majina ya Uganda, Kenya na Tanzania pamoja, la Tanzania likiwa kubwa zaidi. Bendera ilisema taifa moja. Maandishi yalisema mapatano ya mataifa matatu. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika ya Mashariki ilipovunjika, ushirika huo wa posta nao ulikwisha.

Watu husema bendera hufuata upepo. Bendera ya stempu haina upepo wa kufuata. Imekwisha kushikwa mahali pake pamoja na neno na mwaka, na muhuri wa posta huongeza siku na mji. Kwa sababu hiyo, mwenye kutafuta historia ya maneno ya siasa katika Kiswahili asiishie katika kamusi na magazeti. Kamusi humwambia maana ambazo neno limepata kuwa nazo. Stempu humwonyesha siku ambayo dola ilikubali kusimama nyuma ya maana mojawapo. Stempu ya 1896 ilikuwa na bendera na haikuwa na neno hilo. Ya 1961 ilikuwa katika mfululizo uliobeba neno ambalo zamani lilitolewa kwa hati, kwa mtu mmoja mmoja, kwa hisani ya bwana wake. Safari hii lilichapwa kwa ajili ya kila mtu mwenye senti 30.