Mwalimu mkali na mstari wa pili

Hofu ya hisabati, yaani ile hali ya moyo kwenda mbio na akili kuganda pindi tarakimu zinapoandikwa ubaoni, si uvivu wala upungufu wa akili, ingawa katika shule nyingi mwanafunzi aliyepatwa nayo huambiwa ana yote mawili. Wasomi walianza kuijadili zamani: mwaka 1954 Mary Fides Gough, mtawa na mwalimu wa Marekani, aliiandikia makala akieleza vyanzo vyake na tiba zake, na mwaka 1972 Frank Richardson na Richard Suinn wakatunga dodoso lenye vipengele 98 la kuipima. Jambo ambalo madodoso hayaoneshi kwa urahisi ni kile kinachotokea hofu hiyo inapokutana na mwalimu mkali, kwa kuwa hapo mambo mawili yasiyofanana, yaani ugumu wa somo na ukali wa mtu, huchanganyika kichwani mwa mwanafunzi hadi akashindwa kujua anachokikimbia ni hesabu au ni mwenye chaki. Kazi ya kwanza ya mwanafunzi wa namna hiyo ni kuyatenganisha mambo hayo, kwa sababu kila moja lina dawa yake.

Nchini Tanzania somo lenyewe lina sifa mbaya iliyokwisha kuota mizizi. Katika mtihani wa Kidato cha Nne, kati ya mwaka 2019 na 2022, waliofaulu Hisabati walikuwa takriban mtahiniwa mmoja kati ya watano, maana yake ni kwamba katika darasa la kawaida lenye wanafunzi 50 wanaoutazama ubao mmoja, 40 wanakaa upande wa takwimu ambao hakuna anayependa kukaa. Takwimu hizo humfikia mwalimu kabla ya kumfikia mwanafunzi. Matokeo yakitoka hubandikwa ukutani, shule hulinganishwa na jirani zake, na kikaoni mwalimu wa Hisabati ndiye huulizwa kwanza, huku mwenzake wa Kiswahili akisubiri pongezi. Mtu anayeingia darasani akiwa na mzigo huo, muhtasari mrefu na vipindi vichache, mara nyingi huona kuwa kufoka ndiyo njia ya mkato. Maelezo haya hayamsafishi, bali yanamsaidia mwanafunzi kuelewa kwamba sehemu kubwa ya ghadhabu inayomwangukia ilianza kabla yeye hajafungua daftari.

Hofu yenyewe, kwa upande mwingine, yaweza kuwa ya mwalimu. Mwaka 2010 Sian Beilock na wenzake walichapisha utafiti uliohusu walimu 17 wa kike wa madarasa ya mwanzo ya shule za msingi za Marekani, ambao ulionesha kwamba wasichana waliofundishwa na walimu wenye hofu kubwa ya hisabati walimaliza mwaka wakiwa nyuma zaidi katika somo hilo, na wakielekea zaidi kuamini kuwa hesabu ni za wavulana, ilhali mwanzoni mwa mwaka uhusiano huo haukuwapo. Utafiti huo haukupima ukali, na si haki kuulazimisha useme usichosema. Hata hivyo unatia shaka juu ya ile imani iliyozoeleka kwamba kila anayesimama mbele ya ubao wa hesabu hana wasiwasi nazo. Mwalimu anayekataa maswali yasiyo na majibu kitabuni huenda naye analinda kitu.

Ili kuelewa kwa nini kufoka hakufundishi hesabu, ni lazima kueleza kwanza maana ya kumbukumbu tendaji. Huu ni uwezo wa akili wa kushika mambo machache kwa muda mfupi huku ikiyafanyia kazi, mfano wa meza ndogo ya muuza nyanya ambayo fungu moja likiongezwa, jingine huporomoka. Anayejumlisha 48 na 37 kichwani huanza na 8 na 7, akapata 15, akaweka 5 na kubeba 1, na hiyo 1 lazima ikae mahali fulani hadi zitakapojumlishwa 4 na 3. Mwaka 2001 Mark Ashcraft na Elizabeth Kirk walionesha kwamba watu wenye hofu kubwa ya hisabati huteleza hasa kwenye hesabu za kubeba, na makosa yao huongezeka zaidi wanapotakiwa wakati huohuo kukumbuka orodha ya herufi. Darasani hakuna orodha ya herufi, lakini kuna mlio wa viatu vinavyokaribia dawati, kuna wazo la kuitwa ubaoni, kuna kumbukumbu ya kicheko cha wiki iliyopita, na vyote hivyo hupanda juu ya meza ileile hadi ile 1 iliyobebwa ikadondoka. Mwalimu huona jibu 75 badala ya 85 na kusema mtoto hajui kujumlisha, kumbe anajua.

Dawa ya sehemu hii ni ya kawaida mno kiasi kwamba wengi huidharau. Mzigo ukizidi mezani, sehemu yake huwekwa chini, na katika hesabu pa kuuweka ni kwenye karatasi: kila hatua iandikwe, ile 1 iandikwe juu ya 4, mabano yafunguliwe katika mstari wake, alama ya kutoa isiachwe kichwani. Kuna wanafunzi ambao huruka hatua ili waonekane wepesi, hasa mbele ya mwalimu asiyevumilia polepole, na hao ndio ambao siku ya mtihani hupoteza hata zile alama zinazotolewa kwa kuonesha njia.

Ukali nao si wa aina moja, na wanafunzi wenyewe hulijua hilo kuliko wazazi wao. Yuko mwalimu anayekagua kila daftari, asiyepokea kazi iliyochelewa, asiyecheka na mtu, ambaye wanafunzi humwita mnoko hadi wamalize shule kisha wakamsimulia kwa heshima miaka yote iliyobaki. Yuko mwingine ambaye ukali wake ni wa kudhalilisha, anayemsimamisha mwanafunzi mbele ya wenzake ili wamcheke, au anayechapa kwa kila jibu lisilo sahihi. Wa kwanza huzoeleka kwa kujiandaa. Wa pili si jambo la kuzoeleka, na kwa upande wa fimbo sheria yenyewe iko wazi: kanuni za Tanzania Bara huruhusu viboko kwa makosa makubwa ya nidhamu pekee, visizidi vinne, tena vitolewe na mkuu wa shule au mwalimu aliyemwidhinisha kwa maandishi, na Kenya ilipiga marufuku viboko shuleni mwaka 2001. Kushindwa kutaja kipeuo cha pili cha 144, yaani namba ambayo ikizidishwa kwa yenyewe huleta 144, hakujawahi kuwa kosa la nidhamu. Mwanafunzi aliye katika hali hiyo hatakiwi kupambana peke yake. Mwalimu wa darasa, mwalimu wa malezi na mzazi wapo kwa ajili hiyo, na mzazi anayekwenda shuleni na daftari mkononi husikilizwa kuliko anayekwenda na hasira.

Mfano unaofaa wa udhalilishaji wa maneno umehifadhiwa katika maandishi, na ni wa Tanzania. Erasto Mpemba, akiwa Kidato cha Tatu katika shule ya sekondari ya Magamba mwaka 1963, alikuwa akitengeneza aiskrimu na wenzake alipoona kwamba maziwa yake, aliyoyatia kwenye friza yakiwa bado ya moto, yaliganda kabla ya yale yaliyopozwa kwanza. Alipomuuliza mwalimu wake wa fizikia aliambiwa kuwa alijichanganya. Baadaye, akiwa katika shule ya Mkwawa mjini Iringa, alilirudia swali hilo kwa mwalimu mwingine, naye akajibiwa kwamba hiyo ni fizikia ya Mpemba na si fizikia ya watu wote. Kejeli haikuishia kwenye fizikia: kama Mpemba mwenyewe alivyosimulia katika makala iliyochapishwa mwaka 1969, kila alipokosea kusoma logi katika majedwali, mwalimu yule alisema hiyo ni hisabati ya Mpemba, na darasa zima likaudaka msemo huo na kuutumia kwa kila kosa lake.

Kosa hilo la logi linastahili kutazamwa kwa karibu. Logi ya namba ni kipeo ambacho 10 hupandishwa ili kuipata namba hiyo, hivyo logi ya 100 ni 2, na kabla ya vikokotoo kuenea, kuzidisha namba ndefu kulimaanisha kutafuta logi zake katika kitabu cha majedwali, kuzijumlisha, kisha kurudi kwenye namba ya kawaida. Anayetafuta logi ya 3.47 hushuka kwa kidole hadi mstari wa 34, akavuka hadi safu ya 7, akasoma 0.5403. Kidole kikiteleza mstari mmoja tu chini, kikaangukia 35, atasoma 0.5527, ambayo ni logi ya 3.57, na kuanzia hapo kila atakachokifanya, hata kama kanuni zote anazijua, kitaishia kwenye jibu lisilo sahihi. Hilo ni kosa la jicho, na tiba yake ni rula iliyowekwa chini ya mstari. Mwanafunzi aliyeoneshwa rula angepona siku ileile, lakini aliyepewa jina la utani hubaki akijiuliza kama akili yake ina kasoro.

Hapa ndipo penye silaha kubwa ya mwanafunzi mbele ya mwalimu wa kutisha, nayo ni kujua kosa liko mstari gani. Tuchukue mlinganyo, yaani sentensi ya hisabati inayodai kwamba pande mbili ni sawa, kama huu: 3(x − 4) = 2x + 5. Mwanafunzi ambaye katika mstari wa pili ameandika 3x − 4 = 2x + 5 atapata x kuwa 9, na akiirudisha 9 mahali pake atakuta upande wa kushoto una 15 na wa kulia una 23, dalili kwamba kuna mahali pameharibika. Akinyoosha mkono na kusema hajaelewa, amempa mwalimu mlango wazi wa kuuliza alikuwa wapi wakati wenzake wakielewa. Akisema kwamba amefika mstari wa pili na haoni kwa nini ubaoni 4 imekuwa 12, swali lake lina mpaka, na mtu hulazimika kujifikiria sana ili alifokee. Mwalimu mkali wa aina ya kwanza hulijibu papo hapo, kwamba 3 iliyo nje ya mabano huzidisha kila kilichomo ndani, na x ni 17. Swali la namna hiyo, tena, halihitaji kuulizwa mbele ya watu 50. Laweza kuandikwa kwenye kikaratasi na kupelekwa ofisini baada ya kipindi, ambako walimu wengi huwa watu wengine kabisa.

Kwa mwanafunzi wa Tanzania liko jambo la tatu linalojificha ndani ya ugumu wa somo na ukali wa mwalimu, nalo ni lugha. Kwa miaka saba mwanafunzi wa shule ya msingi ya serikali husoma namba shufwa, witiri na tasa, hutafuta kigawe kidogo cha shirika, hukariri MAGAZIJUTO ili asisahau kwamba mabano hutangulia, kisha kugawanya, kuzidisha, kujumlisha na kutoa, halafu anaingia Kidato cha Kwanza na kukuta vyote hivyo vimebadilishwa majina kwa Kiingereza. Asiyejibu swali la mwalimu huenda analijua jibu na anachokosa ni sentensi ya kulibebea. Daftari dogo la istilahi, neno la Kiswahili upande mmoja na la Kiingereza upande wa pili, pamoja na mfano mmoja wa hesabu kwa kila neno, limewavusha wengi kuliko tuisheni za gharama, na wanaojadiliana hesabu kwa Kiswahili jioni, kisha wakaziandika kwa Kiingereza, hawavunji sheria yoyote ya akili.

Mazoezi nayo yana namna. Vitabu vingi huweka mwishoni mwa kila mada maswali 20 ya aina moja, ambayo mwanafunzi akishafanya matatu hujua la kufanya bila hata kulisoma la nne. Mwaka 2007 Doug Rohrer na Kelli Taylor walilinganisha wanafunzi wa chuo waliokokotoa ujazo wa maumbo kwa kufuata aina moja baada ya nyingine na waliofanya maswali yaliyochanganywa: wakati wa mazoezi wa kwanza walipata asilimia 89 na wa pili 60, lakini katika jaribio la wiki moja baadaye wa kwanza walishuka hadi asilimia 20, na waliochanganyiwa wakapata 63. Mtihani huchanganya, kwa hiyo mazoezi nayo yachanganye, hata kama jioni hiyo yataumiza. Ushauri mwingine uliosifiwa sana, wa kuandika wasiwasi wako kwa dakika 10 kabla ya mtihani, ulitokana na utafiti wa Gerardo Ramirez na Beilock wa mwaka 2011, lakini jaribio la kuurudia lililochapishwa mwaka 2018 halikupata matokeo hayo. Anayeona unamfaa hazuiwi, ila asiutegemee badala ya milinganyo.

Mpemba hakuacha kuuliza. Denis Osborne, mhadhiri wa fizikia kutoka Dar es Salaam, alipoitembelea Mkwawa na kukaribisha maswali, kijana huyo alisimama na kulitoa lilelile, wenzake wakimcheka, na Osborne, ambaye hakuamini kuwa jambo hilo lawezekana, aliahidi kulijaribu. Aliporudi chuoni alimpa fundi wa maabara kazi hiyo. Fundi alirudi na taarifa kwamba kweli maji yaliyoanza yakiwa ya moto ndiyo yaliyotangulia kuganda, akaongeza kuwa wangeendelea kulirudia jaribio hadi lipatikane jibu sahihi.