Wapangaji wa usafiri wajifunze lugha ya wasafiri

Waulize wanafunzi wa kidato cha nne katika shule yoyote ya upili wangependa kuwa nani maishani. Watakutajia udaktari, uwakili, urubani na uhandisi. Ni nadra kumsikia mmoja akisema kwamba angependa kuwa mpangaji wa usafiri katika shirika la serikali. Hata hivyo, ni mtu huyu, ambaye hatajwi siku ya kuzindua barabara, anayependekeza mahali pa kuweka steji, mahali pa kuvukia watoto wa shule, na kijiji kitakachoingojea lami miaka kumi mingine.

Kazi yake si ya kubahatisha. Huwaweka watu kando ya barabara wayahesabu magari kwa aina zake: madogo, matatu, mabasi na malori. Huwauliza wasafiri watokako na waendako. Kisha hukadiria hali itakavyokuwa miaka ijayo, na kupima kama akiba ya mafuta, vipuri na wakati itazidi gharama ya ujenzi. Hiyo ni kazi ya hesabu, nami si mtaalamu wa hesabu. Lakini kabla ya kukihesabu kitu sharti ukipe jina, na kisicho na jina katika fomu hakihesabiwi. Hapo ndipo mwanaisimu anapopata haki ya kuuingia mjadala huu.

Tuchukue mfano wa Kosele, kituo cha biashara kilicho karibu na Oyugis katika Kaunti ya Homa Bay. Pande hizo hupita barabara kuu itokayo Isebania, ikapitia Migori, Rongo, Kisii na Oyugis hadi Kisumu, ambayo kwa miaka mingi imejulikana katika ramani kama A1. Wenyeji, wasemao Dholuo, wana maneno mawili. Ndara ni barabara kubwa ya magari. Yo ni njia, hata ile nyembamba ikatayo katikati ya mashamba. Kiswahili nacho hutenga barabara, njia, ujia na kichochoro. Mama aliyejitwika kapu la viazi vitamu huifuata yo kwa mwendo mrefu kabla ya kuikanyaga ndara. Fomu ya mpangaji humwona pale tu apandapo matatu. Mwendo wote wa awali, wenye matope, kijito na mzigo kichwani, haumo katika hesabu, na kwa hiyo haumo katika bajeti.

Niliwahi kuhudhuria kikao cha umma pande hizo, kilichoitishwa ili wananchi watoe maoni kuhusu mpango wa barabara. Maofisa waliokuja walikuwa watu wenye adabu na ujuzi. Walizungumza Kiingereza karibu saa nzima, na mkalimani akafasiri kwa Dholuo pale alipoweza kuwafuata. Mmoja wao alipojaribu Kiswahili, alitangaza kwamba baadhi ya vibanda vya soko vilikuwa ndani ya hifadhi ya barabara. Mzee aliyeketi karibu nami aliniinamia akauliza, "Mwalimu, hifadhi si ya wanyama, kama ile ya Ruma?" Nikamweleza kwamba maofisa walikuwa na maana ya ukanda wa ardhi uliotengwa pande zote mbili za barabara kwa ajili ya upanuzi na usalama. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Basi wangesema tu kwamba watavibomoa vibanda."

Wakati huo orodha ya waliohudhuria ilikuwa imekwisha kuzungushwa na kutiwa sahihi. Kwa mujibu wa karatasi ile, umma ulikuwa umeshirikishwa. Kwa mujibu wa yule mzee, palikuwa na habari moja tu iliyomhusu, naye aliipata kwa jirani yake.

Katiba ya mwaka 2010 inasema katika kifungu cha 7 kwamba Kiswahili ndicho lugha ya taifa, na kwamba Kiswahili na Kiingereza ni lugha rasmi. Kifungu cha 10 kinautaja ushiriki wa wananchi miongoni mwa maadili ya taifa. Vifungu hivi viwili vinapaswa kusomwa pamoja. Lakini tazama mashirika yaliyoundwa na Sheria ya Barabara ya mwaka 2007: KeNHA kwa barabara kuu, KeRRA kwa zile za vijijini na KURA kwa zile za mijini. Mwananchi asikiaye jina hili la mwisho hudhani anaitwa kwenda kupiga kura. Ng'ambo ya mpaka, Tanzania waliyaita mabasi yao mapya ya Dar es Salaam mabasi yaendayo haraka, na yalipoanza kazi mwaka 2016 watu wakayaita mwendokasi. Huduma ile imekuwa na matatizo yake, lakini hakuna abiria aliyehitaji mkalimani ili ajue kilichokusudiwa.

Wapo watakaodai kwamba taaluma hii haiwezi kusemwa kwa Kiswahili. Historia yetu wenyewe inawakanusha. Neno matatu latokana na nauli ya senti thelathini, yaani mapeni matatu ya senti kumi kumi. Wananchi waliliunda neno hilo, na chombo chenyewe, pasipo idhini ya mpangaji yeyote. Mwaka 1973 Rais Jomo Kenyatta aliyaruhusu magari hayo kubeba abiria bila ya leseni zilizotakiwa kwa mabasi, na baada ya marekebisho ya mwaka 1984 neno matatu likakaa ndani ya Sheria ya Trafiki iliyoandikwa kwa Kiingereza. Bodaboda ilizaliwa vivyo hivyo, kwa baiskeli zilizowavusha watu mpakani Busia, ikapanuka kwa pikipiki hasa baada ya serikali kuziondolea kodi pikipiki ndogo mwaka 2008. Mara zote mbili wasafiri walitangulia kutenda na kutaja. Ofisi zikafuata nyuma.

Mpangaji akubaliye kusikiliza hupata faida kubwa. Katika miaka ya 1980, huko Makete, wakati huo ikiwa wilaya ya Mkoa wa Iringa, mradi uliosaidiwa na Shirika la Kazi Duniani ulianza kwa kuziendea kaya na kuuliza watu huenda wapi na hubeba nini. Ilibainika kwamba safari nyingi zilikuwa za miguu, ndani ya kijiji na kandokando yake: kuteka maji, kuokota kuni, kwenda shambani na kusaga nafaka, na mzigo mkubwa uliwaelemea wanawake. Basi mradi ukashughulikia pia njia za miguu, vivuko, punda na mashine za kusagia zilizo karibu. Kusogeza kinu karibu na nyumba nako ni kupanga usafiri, ingawa hakuna gari lililohesabiwa.

Mfano wa pili uwahusu wanafunzi. Mwaka 2014 ilitolewa ramani ya njia za matatu jijini Nairobi, kazi ya mradi wa Digital Matatus ulioshirikisha Chuo Kikuu cha Nairobi na vyuo vya Marekani. Wanafunzi walipanda matatu wakiwa na simu mkononi, wakanakili njia na vituo. Mfumo uliobeba umati wa watu kila siku ukapata ramani kwa sababu vijana walikwenda kuyauliza na kuyaandika majina ambayo makanga na abiria walikuwa wakiyatumia tangu zamani.

Ninalopendekeza si gumu. Mashirika yaandike mihtasari ya mipango yao kwa Kiswahili chepesi, na mikutano ya mashinani iendeshwe kwa lugha ya wenyeji. Fomu za kuhesabia ziwe na safu ya watembeao, ya baiskeli, ya mikokoteni na ya mizigo ya kichwani. Vyuo vinavyowafunza wapangaji viwafunze pia namna ya kuuliza swali na kungojea jibu.

Nanyi walimu wenzangu, msiingoje serikali. Siku moja ya soko, wapelekeni wanafunzi wakakae kando ya barabara kwa saa mbili. Wahesabu kila kipitacho, si magari pekee. Waandike kila chombo kwa jina kiitwalo na watu wa hapo, na wauulize umbali ambao kila mwenye mzigo ametembea kabla ya kufika. Matokeo wayapeleke, kwa Kiswahili, katika ofisi ya kaunti inayoshughulikia barabara. Pengine miongoni mwao atatokea mmoja atakayeulizwa angependa kuwa nani, akajibu: mpangaji wa usafiri. Huyo atakuwa amekwisha kujua kwamba mama mwenye kapu ni msafiri tangu atokapo mlangoni pake.