Saa ya Vali Katika Injini ya Pikipiki

Siku hizi wakulima wengi huchukua maziwa, mboga na magunia ya mbolea kwa pikipiki. Wengine wamesikia habari za pikipiki ambazo injini zake zaweza kubadili saa ya kufungua na kufunga vali, nao huambiwa kwamba injini hizo zina nguvu zaidi na hula petroli kidogo. Je, maneno hayo ni kweli? Na je, yafaa mkulima atoe fedha zaidi kwa ajili hiyo? Ili tupate jibu, yatupasa kwanza kujua kazi ya vali.

VALI NI MALANGO

Ndani ya silinda mna pistoni inayopanda na kushuka. Juu yake mna malango yaitwayo vali. Lango moja huingiza hewa iliyochanganyika na petroli. Lango jingine hutoa moshi uende kwenye ekzosi. Malango haya hufunguliwa na fimbo ya chuma yenye nundu, ambayo mafundi huiita kamshafti. Nundu ikifika, vali husukumwa na kufunguka; nundu ikipita, springi huifunga tena. Injini ikizunguka mara 6,000 kwa dakika, kila vali hufunguka mara 50 kwa sekunde moja tu.

Umbo la nundu ndilo linaloamua vali ifunguke lini, ifunguke kiasi gani, na ifungwe lini. Katika pikipiki nyingi nundu hizo hazibadiliki kamwe, na hapo ndipo shida inapoanza.

MFANO WA NG'OMBE

Fikiri juu ya ng'ombe wanaoingia bomani jioni. Wakija mbio, ni vizuri lango likae wazi kwa muda mrefu, maana wa nyuma huwasukuma wa mbele, nao huendelea kuingia hata boma likikaribia kujaa. Lakini wakija polepole, na lango likaachwa wazi vile vile, baadhi ya waliokwisha kuingia watageuka na kutoka.

Hewa nayo hufanya hivyo hivyo. Injini ikizunguka kwa kasi, hewa huendelea kuingia kwa nguvu ya mwendo wake hata baada ya pistoni kufika chini na kuanza kupanda. Kwa hiyo vali ikichelewa kufungwa, silinda hujaa vizuri. Injini ikizunguka polepole, hewa haina mwendo huo. Pistoni ikipanda huirudisha ilikotoka, na nguvu hupungua.

Basi mwenye kutengeneza injini hana budi kuchagua. Akiweka nundu za kukawiza vali, pikipiki itakimbia sana barabarani lakini itakuwa dhaifu mlimani. Akiweka nundu za kufunga mapema, itavuta mzigo vizuri lakini itachoka upesi katika mbio.

NJIA TATU ZA KUBADILI SAA

Mafundi wa viwanda wamejaribu kupata faida zote mbili kwa njia tatu.

Njia ya kwanza ni kuacha baadhi ya vali zipumzike. Honda walifanya hivyo katika CBR400F ya mwaka 1983. Katika CB400 Super Four ya mwaka 1999, vali mbili tu za kila silinda hufanya kazi mpaka injini ifikie mizunguko 6,750 kwa dakika. Ndipo zote nne hufanya kazi.

Njia ya pili ni kuweka nundu za namna mbili na kuhama kutoka moja hadi nyingine. Yamaha wameitumia hata katika injini ndogo: NMAX ya cc 155, iliyotoka mwaka 2015, hubadili nundu kwenye mizunguko 6,000. BMW walianza kuitumia mwaka 2018 katika R 1250 GS.

Njia ya tatu ni kuisogeza kamshafti yenyewe mbele au nyuma kidogo. Ducati hufanya hivyo kwa nguvu ya oili. Suzuki, katika GSX-R1000 ya mwaka 2017, walitumia gololi za chuma ambazo hurushwa nje injini inapozunguka kwa kasi.

JE, MKULIMA AIHITAJI?

Maneno ya sifa ni kweli, lakini faida yake humfikia mtu ambaye injini yake hufanya kazi polepole na kwa mbio vile vile. Mkulima mwenye mikebe ya maziwa na njia ya matope hafikii mbio hizo ila mara chache. Haja yake ni nguvu ya chini, na pikipiki za kazi zimetengenezwa kwa kazi hiyo. Tena chombo cha kubadili saa ya vali chahitaji oili safi sana, vipuri vyake ni vya namna ya peke yake, na si kila fundi wa sokoni awezaye kukitengeneza. Fedha hizo ni heri uzitumie kununua tairi nzuri na breki madhubuti.

Usikubali pia kuwekewa kamshafti ya mashindano. Utapata mbio usizozihitaji, na kilima ulichokuwa ukikipanda kwa mzigo kitakushinda.

TUNZA SAA YA INJINI YAKO

Hata injini ya kawaida saa ya vali zake huweza kubadilika, lakini kwa ubaya. Angalia mambo haya:

1. Tapeti. Nafasi ndogo iliyo juu ya vali ipimwe injini ikiwa baridi, kwa kipimo kilichoandikwa katika kitabu cha pikipiki yako. Ikizidi, vali huchelewa kufunguka na huwahi kufungwa, nawe utasikia mlio wa kugongagonga. Ikikosekana kabisa, vali haifungiki sawasawa. Vali ya moshi hupoa kwa kugusa kiti chake. Isipokigusa vizuri huungua. Kwa hiyo usimwambie fundi akaze mpaka mlio wote uishe. Injini iliyo kimya mno huenda inaungua.

2. Cheni ya ndani. Injini nyingi huzungusha kamshafti kwa cheni ndogo. Cheni ikirefuka, vali zote huchelewa. Injini za namna ya Honda CG125 hazina cheni hiyo, lakini tapeti zake zapaswa kupimwa vile vile.

3. Oili. Ibadilishe kwa wakati wake. Oili chafu hula nundu, na nundu iliyolika haiwezi kufungua vali ipasavyo.

4. Gia. Ukifika kilimani, punguza gia mapema, kabla injini haijaanza kutetemeka. Hivyo utaiweka katika mizunguko inayoiwezesha kupumua vizuri.

Kupima tapeti ni kazi ya muda mfupi, wala gharama yake si kubwa. Vali ikiungua, kichwa cha injini hakina budi kufunguliwa, na maziwa ya siku hiyo hayatafika kiwandani.