Funguo za Kikundi Zisiachwe Mlangoni

Wenyekiti na waweka hazina wa vikundi vya Gitothua, haya mambo ya kompyuta yanatuhusu sisi pia. Siku hizi kikundi cha akiba kikitaka tovuti, kinatafuta kijana mjuzi. Anaitengeneza, analipwa, anaenda zake. Michango inapita M-Pesa na mwanachama anaona salio kwa simu. Vizuri sana. Lakini hiyo programu inaongeaje na M-Pesa?

Ina funguo zake. Anayeunganisha programu kupitia Daraja, mlango uliofunguliwa na Safaricom mwaka 2017, hupewa maneno mawili: la kujitambulisha na la siri. Hayo, pamoja na neno la siri la hifadhi ya majina ya wanachama, huandikwa katika faili ndogo ya mipangilio, ambayo mara nyingi huitwa .env. Ni maandishi matupu. Mtu akiipata anaisoma kama barua.

Inapatikanaje? Fundi akiiweka ndani ya folda inayoonyeshwa watu, mgeni anaongeza tu .env mwishoni mwa anwani ya tovuti. Wako wanaotumia mashine kujaribu hivyo usiku na mchana, kwa hivyo msiseme eti kikundi chetu ni kidogo, nani atatuona. Pengine fundi amesahau kuzima hali ya majaribio: programu ikikwama inamwaga siri zake kwenye skrini. Na pengine kosa si la fundi. Desemba 2021 Log4j, kipande cha programu kilichotumika dunia nzima, kilipatikana na tundu la kumwezesha mtu wa mbali kuvuta siri za mashine.

Wakubwa nao huumia. Mwaka 2016 wezi walikuta ufunguo wa Uber katika maandishi ya programu yaliyowekwa GitHub, wakachukua habari za watu milioni 57. Kampuni iliwalipa dola 100,000 na kunyamaza mpaka Novemba 2017.

Hapa wengi hukosea: wanafuta faili na kulala. GitHub hutunza nakala za zamani, na aliyeona ameshaona. Kinachofaa ni kuomba funguo mpya na kuzima zile za kwanza, siku hiyo hiyo. Halafu kama habari za wanachama zimetoka na wanaweza kudhurika, Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka Kamishna wa Data ajulishwe ndani ya saa 72 tangu mlipojua. Basi kabla ya kumlipa fundi, mwulizeni faili hiyo iko wapi, na ni nani mwingine anayeweza kuifungua.