Baba Aliyekwenda Albany kwa Miguu

Sogeeni, wajukuu zangu. Leo sina sungura wala fisi. Nina baba mmoja, jozi ya viatu, na barabara ya kilomita zipatazo 240.

Baba huyo anaitwa Robert Jackson. Ni mtu wa New York, Marekani, kutoka pembe ya kaskazini ya kisiwa cha Manhattan, karibu na mtaa uitwao Washington Heights. Mama yake alikuwa Mmarekani mweusi, baba yake Mchina, naye mwenyewe ni Mwislamu. Mwaka 2003 alifunga kamba za viatu akaondoka mjini kwenda Albany, huko ambako bunge la jimbo la New York hukutana na mahakama ya juu kabisa ya jimbo hilo husikiliza kesi. Treni zipo, basi zipo, na asubuhi ungepanda ukafika kabla ya chakula cha mchana. Yeye alitembea, siku baada ya siku, mpaka akafika.

Alikuwa anafuata fedha. Si zake. Za watoto wa shule.

Sasa lazima niwaeleze kwanza shule hupata wapi fedha, maana bila hilo hadithi hii haina miguu. Kwetu Tanzania serikali hupeleka ruzuku kwa hesabu ya vichwa: kwa mwaka, shilingi 10,000 kwa kila mtoto wa msingi na 25,000 kwa kila mwanafunzi wa sekondari. Marekani mfuko una mikono mitatu. Serikali kuu ya Washington hutia kidogo. Jimbo hutia fungu kubwa. Na kilichobaki hutoka palepale mtaani, hasa kwa kodi ya nyumba na viwanja. Hapo ndipo penye shida. Mahali penye majumba ya matajiri, kodi ni nono, na shule ina bwawa la kuogelea. Mahali penye vyumba vya kupanga, vilivyojaa familia za wahamiaji, kodi ni nyembamba, ingawa watoto wa hapo ndio wanaohitaji zaidi: wapo wanaojifunza Kiingereza upya, wapo wanaofika shuleni hawajala. Kazi ya jimbo ni kusawazisha. Jimbo la New York halikusawazisha.

Jackson aliyaona haya kwa sababu binti zake walisoma shule za umma, naye alikuwa akiongoza bodi ya shule za eneo lile. Madarasa yalikuwa yamefurika. Akatafuta mwanasheria, Michael Rebell, na mwaka 1993 wakafungua kesi dhidi ya jimbo. Hoja yao ilikuwa fupi. Katiba ya jimbo inaliamuru bunge kuendesha shule za bure ambamo watoto wote wataelimishwa. Haikusema watoto wa majumba makubwa. Ilisema wote.

Kesi ilichukua miaka mpaka ikasikilizwa kwa ukamilifu. Ilipoanza kuunguruma, mwaka 1999, ilikwenda siku 111 na mashahidi 72. Nitawapa jambo moja tu lililothibitishwa mle ndani: shule za sekondari 31 za mji wa New York, zenye wanafunzi zaidi ya 16,000, hazikuwa na maabara ya sayansi hata moja. Fikirieni kijana anayesoma kemia kwa kutazama picha ya bomba la majaribio. Na huu ni mji wenye benki kubwa kuliko nyingi duniani!

Januari 2001 Jaji Leland DeGrasse akawapa wazazi ushindi. Jimbo likakata rufaa. Mwaka 2002 mahakama ya kati ikaugeuza uamuzi, ikasema kwamba jimbo likimfikisha mtoto kiwango cha darasa la nane hivi limekwisha kutimiza wajibu wake. Sikilizeni tena hapo. Darasa la nane, kisha basi. Maneno hayo ndiyo yaliyomtia Jackson barabarani. Mwaka uliofuata kesi ilikuwa inapelekwa mahakama ya juu, na yeye akataka kila kitongoji atakachopita kijue inahusu nini. Juni 2003 mahakama ya juu, chini ya Jaji Mkuu Judith Kaye, ikawapa wazazi haki yao.

Mngedhani hapo ngoma imekwisha. Haikuwa imekwisha, na sehemu hii ndiyo ninayotaka mkae nayo. Mahakama inaweza kusema mtoto anadai. Haina ufunguo wa sanduku. Ufunguo wa sanduku la fedha wanao waliochaguliwa kwa kura: gavana, maseneta, wabunge. Mahakama iliwapa muda, wakauacha ukapita. Mwaka 2006 ikataja kiasi: mji wa New York uongezewe angalau dola bilioni 1.93 kwa mwaka. Ndipo mwaka 2007, chini ya Gavana Eliot Spitzer, bunge likatunga fomula mpya ya kugawa fedha za shule na kuahidi nyongeza ya dola bilioni 5.5 kwa jimbo zima, ilipwe kwa miaka minne.

Wakalipa miaka miwili. Mwaka 2008 mabenki yakaanguka, kodi zikapungua. Mwaka 2009 nyongeza ikagandishwa. Mwaka 2010 ukaja mkasi wenyewe, nao ukapewa jina lenye adabu: Rekebisho la Kuondoa Pengo. Pengo lilikuwa katika hesabu za serikali, na likazibwa kwa fedha zilizokuwa za shule. Wajukuu zangu, mkisikia jina laini la namna hiyo katika bajeti, ulizeni linamtoa nani kitu mkononi.

Basi wazazi wakarudi Albany, mwaka hadi mwaka, wakiandaliwa na umoja unaoitwa Alliance for Quality Education. Mmoja wa viongozi wao alikuwa Zakiyah Ansari, mama wa watoto wanane. Mwaka 2016 yeye na wenzake, Jackson akiwa miongoni mwao, waliitembea njia ileile tena kutoka mjini mpaka Albany.

Lakini kutembea ni kwa siku moja moja. Kazi ya kila mwaka haipigwi picha. Mzazi anaamka gizani, anamwachia jirani watoto, anapanda basi lililokodiwa, anapoteza ujira wa siku. Akifika anakuta jengo refu la ofisi, maana wabunge ni 150 na maseneta zaidi ya 60. Amepewa dakika chache. Mara nyingi hamwoni mheshimiwa mwenyewe. Anamkuta msaidizi, kijana mwenye daftari. Msaidizi huyo msimdharau! Ndiye anayemwandikia mheshimiwa muhtasari usiku, na kilichomo katika daftari lake ndicho kitakachosemwa kesho.

Mzazi aseme nini katika dakika hizo? Kulia tu hakutoshi, maana kila anayeingia pale ana lake la kulia. Tarakimu tupu nazo hazitoshi, kwa kuwa mheshimiwa amezungukwa na tarakimu toka asubuhi. Anayesikilizwa ni yule anayeifunga tarakimu na mtoto. Shule yetu ilikuwa na mwalimu wa muziki na mshauri wa wanafunzi, mwakani hatutakuwa nao, pengo letu ni kiasi hiki, na tunakuomba upige kura hivi. Kisha anataja mtaa anakotoka, ili mheshimiwa ajue kwamba aliye mbele yake ni mpiga kura wake. Halafu anaomba jibu, na anarudi tena kulifuata. Mwanasiasa anaweza kuusahau uso aliouona mara moja. Aliouona mara tano atautambua hata sokoni.

Ipo siri nyingine, kubwa kuliko hizo zote, nayo ni kalenda. Nitawapa visa viwili, mvipime wenyewe.

Cha kwanza ni cha mwaka 2022, katika jiji lenyewe la New York. Watoto walikuwa wamepungua shuleni tangu kipindi cha UVIKO, na meya mpya, Eric Adams, akapunguza bajeti za shule kwa hoja hiyo. Ofisi yake ilisema ni dola milioni 215. Mdhibiti wa fedha wa jiji, Brad Lander, alipopiga hesabu zake alipata milioni 469. Juni 13 madiwani wakaipitisha bajeti, 44 wakikubali na 6 wakikataa. Wakuu wa shule walipozipata hesabu zao ndipo vumbi lilipotimka, kwa maana walimu wa sanaa na wa muziki walikuwa wanaondolewa. Wazazi wakawafuata madiwani ofisini na barabarani. Wengi wa madiwani wale wakakiri hadharani kwamba wanaijutia kura yao, na 41 wakatia saini barua ya kumwomba meya azirudishe fedha.

Kura ilikuwa imekwisha pigwa. Wazazi wawili na walimu wawili wakaenda mahakamani, wakieleza kwamba kwa sheria bodi ya elimu ya jiji ilipaswa kuijadili na kuipigia kura bajeti ya shule kabla ya madiwani, na hatua hiyo ilirukwa kwa kisingizio cha dharura. Agosti jaji akakubaliana nao. Novemba mahakama ya rufaa ikasema ni kweli sheria ilivunjwa, lakini bajeti ibaki kama ilivyo. Mmeona? Walikuwa na haki, na mahakama ikakiri kwamba wanayo, na bado fedha hazikurudi kwa amri yake. Mwaka wa shule ulikuwa umeanza zamani. Walifika msibani, si hospitalini.

Cha pili ni cha mwaka 2024, tena kule Albany. Ipo kanuni ya jimbo inayozuia wilaya ya shule kupewa fedha pungufu kuliko ilizopata mwaka uliotangulia, hata kama wanafunzi wamepungua. Januari Gavana Kathy Hochul alipendekeza kuiondoa. Karibu nusu ya wilaya zote za shule za jimbo, ambazo ni zaidi ya 670, zingepata fedha kidogo kuliko mwaka wa nyuma, nyingi zikiwa za mashambani. Gavana alikuwa na hoja ambayo si ya kupuuza: kama watoto wamepungua, kwa nini fedha zibaki zilezile? Mzazi mwaminifu anapaswa kulijibu swali hilo, na jibu ni kwamba darasa lililopoteza watoto watatu kati ya 25 bado linahitaji mwalimu mmoja, basi lilelile, na nishati ya kupasha joto jengo lilelile.

Safari hii hakuna aliyesubiri. Mwaka wa fedha wa New York huanza Aprili 1, kwa hiyo toka Januari kuna miezi miwili na ushei ya kusema. Wazazi, walimu na wakuu wa wilaya wakaitumia yote, katika mikutano ya kusikiliza maoni, kwa barua, kwa simu, kwa kuwaendea wabunge majimboni. Wabunge wa vyama vyote viwili wakasimama nao. Bajeti ilipopitishwa Aprili, kanuni ilikuwa imebaki mahali pake, na fomula nzima ikapelekwa kwa wataalamu kuchunguzwa.

Visa vyote viwili vilikuwa na wazazi wenye uchungu uleule. Tofauti moja kubwa ilikuwa tarehe.

Na Jackson je? Mwaka 2001 alichaguliwa diwani wa jiji. Mwaka 2018 akachaguliwa seneta wa jimbo, akaingia Albany mwenye kura mkononi. Aprili 2021 bunge likakubali kuilipa ile ahadi ya mwaka 2007 kwa ukamilifu, ndani ya miaka mitatu, na yeye alikuwa mmoja wa maseneta. Hesabuni. Kesi ilifunguliwa 1993. Fomula ililipwa kamili katika mwaka wa shule wa 2023 hadi 2024. Ni miaka 30. Binti zake walikwisha kuwa watu wazima zamani, na fedha alizozifuata kwa miguu zikawafikia watoto wa watu wengine.

Nanyi wajukuu zangu, Bunge la bajeti la Dodoma huanza Aprili na kumalizika Juni. Leo usiku, kabla hamjalala, muulizeni baba au mama mbunge wenu ni nani, ofisi yake ya jimbo iko wapi, na shule yenu ilipokea ruzuku kiasi gani mwaka huu. Wakisema hawajui, nendeni nao mkaulize.