Maji ya Presha Si ya Kuchezea: Osha Gari, Linda Mikono

Hapa Durban gari lisipooshwa linaliwa taratibu. Hewa ya bahari ina chumvi, na chumvi hiyo hujificha chini ya bodi, kwenye mikunjo ya milango na juu ya magurudumu, ikaanza kazi yake kabla mwenye gari hajaona kutu. Ndiyo maana familia nyingi hupitia kwenye vituo vya kujioshea gari, hasa mwisho wa wiki. Unaingiza gari kwenye kibanda, unalipa kwa sarafu, tokeni au kadi, unashika bunduki ya maji, na dakika zinaanza kuhesabiwa. Ni nafuu, ni haraka, na watoto wanapenda.

Mimi ni muuguzi, kwa hiyo pamoja na gari nautazama pia mkono ulioshika hiyo bunduki. Wengi wetu huyachukulia maji yake kama maji ya bomba la nyumbani yaliyoongezwa nguvu kidogo. Sivyo yalivyo.

Kitundu kidogo, balaa kubwa

Tairi la gari dogo hujazwa upepo wa bar 2 na ushee. Maji ya bar 7 hivi yanaweza kutoboa ngozi ya binadamu. Mashine za kuoshea magari husukuma maji kwa makumi ya bar, nyingine hupita 100. Maji hayo yakitoka karibu na mwili hayaishii kulowesha ngozi, yanaingia ndani.

Kinachodanganya ni sura ya jeraha. Utaona kitundu kama cha sindano, damu kidogo au hakuna kabisa, na huenda mwanzoni maumivu yakawa ya kawaida tu. Ndani, maji yamekwisha kupenya kufuata njia za kano, yamebeba sabuni, uchafu na vijidudu. Kidole hakina nafasi ya kuvimbia, hivyo uvimbe hubana mishipa ya damu. Anayefunga kitambaa na kusema "nitaona kesho" anaweza kuamka na maambukizi, na wapo watu waliokatwa vidole kwa majeraha ya namna hii. Kama kilichoingia ni rangi, grisi au thina, kwa mfano kwenye gereji, hatari huzidi na daktari hupigana na saa.

Mara nyingi kinachoumia ni kidole cha shahada cha mkono usioshika bunduki. Mtu anaona maji yamepungua, anapeleka kidole kwenye tundu kuona kama limeziba, na mkono mwingine bado uko kwenye kifyatulio.

Hatari nyingine ni ya kifamilia zaidi. Mmetoka kuogelea, miguu ya watoto imejaa mchanga, na bunduki iko mkononi. Usithubutu. Bunduki hiyo haioshi miguu, haioshi kandambili zikiwa mguuni, wala haiogeshi mbwa. Mchanga uoshwe kwenye mabomba ya kuogea yaliyoko ufukweni kabla hamjapanda gari.

Hatua kwa hatua

Watoto wabaki ndani ya gari, vioo vikiwa vimefungwa, au wasimame mbali nje ya kibanda. Vaa viatu vilivyofunika vidole na vyenye soli isiyoteleza, maana sakafu ya povu huteleza kama sabuni yenyewe. Miwani ya kawaida husaidia kukinga macho dhidi ya kokoto zinazoruka.

Shika bunduki kwa mikono miwili kabla ya kufyatua, kwa sababu hurudi nyuma kwa nguvu. Usiilaze chini ikiwa inatoa maji, maana itajipinda kama nyoka. Ikiziba, achia kifyatulio, zima mashine, kisha mwite mhudumu.

Suuza kwanza ili mchanga utoke kabla hujapitisha brashi. Brashi iliyobaki na mchanga wa gari lililotangulia hukwaruza rangi, kwa hiyo isuuze nayo. Simama umbali wa sentimita 30 au zaidi kutoka kwenye bodi na matairi. Maji yakikaribia mno hubandua rangi iliyolegea, na yanaweza kudhuru tairi kwa ndani pasipo kuonekana nje. Kama umetoka safari ndefu, acha breki zipoe kwanza. Usipige maji ya presha kwenye injini wala kwenye nyaya. Usisahau chini ya gari, ndiko chumvi ilikojificha. Ukiondoka, kanyaga breki taratibu mara mbili tatu ili zikauke.

Dawa za rimu

Baadhi ya dawa za kung'arisha rimu zina asidi kali. Asidi ya hidrofloriki ni mbaya zaidi: inaweza kupenya ngozi bila kuuma sana mwanzoni, maumivu makali yakaja saa kadhaa baadaye. Soma lebo, vaa glavu, na usichanganye dawa yoyote na Jik, kwani klorini ikikutana na asidi hutoa gesi inayochoma mapafu.

Dawa ikiingia jichoni, suuza kwa maji ya bomba ya kawaida yanayotiririka polepole, dakika 20 bila kukatiza, kisha nenda hospitali. Kamwe usitumie bunduki ya presha kuoshea jicho.

Funguo mfukoni

Afrika Kusini ina jambo lake jingine. Mtu anapozungukia nyuma ya gari akiwa na povu mikononi, mlango uko wazi, simu iko kwenye kiti na funguo zinaning'inia. Hiyo ni zawadi kwa mwizi. Zima gari, weka funguo mfukoni na ufunge milango. Kisha vuta kitasa kwa mkono, kwa sababu wezi wa hapa hutumia vifaa vya kuzuia mawimbi ya rimoti, ukadhani umefunga kumbe hujafunga.

Ukiumia, usijifiche

Hapa ndipo ninapowaomba ndugu zangu wanisikilize. Wengi wetu, hasa ndugu kutoka Kongo wanaolinda na kuosha magari jijini humu, huogopa hospitali kwa sababu ya makaratasi. Mwaka 2025 makundi ya waandamanaji yalisimama kwenye milango ya hospitali na zahanati hapa Durban, ikiwamo Addington, yakiwazuia wageni. Hofu hiyo ina sababu. Lakini Katiba ya Afrika Kusini ya mwaka 1996, kifungu cha 27(3), inasema hakuna mtu atakayenyimwa matibabu ya dharura. Haikusema raia, imesema mtu. Sheria ya Afya ya Taifa ya mwaka 2003 inarudia jambo hilo hilo kwa kila kituo cha afya, cha umma na cha binafsi.

Maji ya presha yakikutoboa, safisha juu ya jeraha kwa upole, lifunike kwa kitambaa safi na inua mkono juu. Usilikamue, usifunge kwa kukaza, usiweke barafu. Usile wala kunywa, kwani huenda ukahitaji upasuaji. Vua pete kabla kidole hakijavimba. Nenda dharura saa ile ile, au piga 10177, au 112 kwa simu ya mkononi. Ukifika, usiseme tu "nimejikata." Mwambie muuguzi wa mapokezi kwa Kiingereza: high-pressure injection injury. Taja kilichokuwa ndani ya maji, saa ulipoumia, na mara ya mwisho ulipochomwa sindano ya pepopunda. Maneno hayo humfanya daktari asidanganywe na udogo wa kitundu.

Na kama aliyeumia ni jirani yako ambaye hajui Kiingereza, fuatana naye. Gari litasubiri, mkono hausubiri.